Mizani Iliyozidi

Tulijiita Kokoto, kwa kuwa milima ya Masasi
ilishagawiwa makanisa, shule na baa;
sisi tukaokota kilichodondoka chini yake.
Chinguile sauti. Namalecha gitaa.
Mimi Somoe, ngoma: pipa la bluu, sufuria la ubwabwa wa misiba,
na toasi niliyoikata kwenye bati la choo cha shule.
Namalecha aliichana spika kwa wembe
ili gitaa likorome
kama mtu anayeota amedhulumiwa.

Hatukuwa wazuri. Niseme mapema.
Lakini mwezi wa sita, mwezi wa njaa,
wanunuzi wa kangomba walipopita usiku kwa usiku
wakinunua korosho zingali maua,
tulisimama nyuma ya ghala tukapiga:

    Pima vizuri, mwizi wewe,
    bakuli lako lina mimba.

Mara nane, mara kumi, hadi betri ya trekta ikafa.
Mzee mmoja alilia. Mnunuzi mmoja alicheza,
hakujua anaimbwa yeye.
Polisi walijua. Tulilala ndani siku mbili,
tukatoka tunanuka mkojo na fahari.

Aliyekuja kutuchukua naye alikuja mwezi wa sita.
Dada Eveta, miwani utosini, bahasha mkononi.
Alilipa nusu, nyingine baada ya mavuno.
Jina akalikata mkia: likabaki Koko,
linakaa vizuri kwenye fulana, alisema.
Kwetu koko ni mbwa asiye na mwenyewe.
Basi huyu kapata.

Mimi sikutia saini. Msinipambe:
mwanangu alikuwa na surua
na gari la Dar liliondoka alfajiri.

Mwaka wa pili nikawasikia redioni.
Nilikuwa karani wa chama cha msingi,
gunia la Bi Fatu Nangomwa linaning'inia kwenye ndoano.
Kinanda laini kama sabuni iliyolowa.
Gitaa limeshonwa, halikoromi.
Na wimbo ni ule ule:

    Pima vizuri, mpenzi wewe,
    bakuli lako lina asali.

Mimba wameitoa.
Lakini lililonikaa kooni ni lile neno la kwanza.
Mwi-zi, mizani mbili. M-pe-nzi, tatu.
Nilihesabu kwa vidole juu ya gunia, mara mbili.
Mpiga ngoma wao mpya, sijui mtu, sijui mashine,
ameibana ile ya tatu kama kidole mlangoni.
Hapa kwetu kilo ikizidi, mtu anaulizwa.
Hiyo iliyozidi kalipwa nani?

Bi Fatu akasema, wimbo mtamu huu, ongeza sauti.
Nikaongeza.
Jioni mwanangu alikuwa anaujua wote, na kiuno chake.

Siku walipokuja uwanja wa Boma kuuza laini za simu
nilisimama kwenye uzio, upande wa vyoo.
Chinguile kanenepa vizuri. Mama yake sasa ana bati,
kisima, na figo inayosafishwa kila wiki;
sisemi neno juu ya hilo.
Akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyokwisha kurekodiwa,
kisha, kama alivyofundishwa, akatugeuzia maiki:
Pima vizuri...

Uwanja mzima ukajibu: mwizi wewe!

Alicheka, meno yote. Mashine haikusita,
ikaendelea na asali yake.
Lakini mguu wake wa kushoto,
ule uliokuwa ukinihesabia mimi,
ulisimama hewani pigo zima.

Usiku simu ikalia. Elfu hamsini, na ya kutolea imo.
Hakuandika neno. Sikumrudishia.
Nilinunua salfa, mikorosho ilikuwa inachanua.

Namalecha hakupanda jukwaani. Waliomwona wanasema
alikaa garini, mlango wazi,
anakata kucha kwa wembe.
Kama ni ule, sijui. Nyembe zote zinafanana.